Nani akujengee chombo? Jinsi ya kumchagua fundi wa mashua, boti au kivuko

Ukishuka pwani ya Kilwa Kivinje maji yakiwa yamekupwa, utaona vyombo vimelala ubavu kwenye mchanga: mitumbwi, ngalawa, mashua, na siku hizi boti za faiba zenye mashine nyuma. Kila kimoja kilianza kwa uamuzi wa mwenye pesa: nimpe nani kazi hii?

Ni uamuzi mzito. Redio mbovu utairudisha dukani. Chombo kibovu unakigundua ukiwa katikati ya mkondo, upepo wa kusi umechacha na maji yanaingia. Kosa la mjenzi hulipwa na waliomo ndani.

Makala haya yanaeleza namna wanunuzi wa vyombo wanavyomchagua mjenzi, kuanzia mvuvi mmoja wa Somanga hadi serikali inayonunua kivuko. Tutapita pia mbali kidogo, kwa wenye bustani za michezo za Ulaya na nchi za Ghuba, kwa sababu nao wana swali kama letu.

Kwa ufupi:

- Tazama kazi za fundi zilizokaa majini miaka kadhaa. Chombo kipya kinachong'aa hakikwambii mengi.
- Kubalianeni kwa maandishi vipimo, aina ya mbao au faiba, bei na muda.
- Lipa kwa hatua, na ubakize sehemu ya pesa hadi chombo kijaribiwe majini.
- Hesabu gharama ya matengenezo na vipuri pamoja na bei ya kununulia.
- Fundi mzuri hawezi kuokoa chombo kinachozidishiwa mzigo.

Kwa nini swali hili ni kubwa sasa?

Pwani ya Lindi inabadilika. Mkataba wa kujenga bandari ya uvuvi Kilwa Masoko ulisainiwa Juni 2022 kati ya serikali na kampuni ya China Harbour Engineering, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 260. Bandari kama hiyo inawafanya watu wafikirie vyombo vikubwa zaidi vinavyokwenda mbali zaidi.

Kuna pia mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, lakini lazima irudishwe. Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana kinachokopa ili kununua boti. Boti ikipasuka mwaka wa kwanza, samaki hawapatikani, ila deni linabaki pale pale. Vijana hao wakikosea kumchagua fundi, watalipa mara mbili.

Jina la fundi linatoka kwenye kazi zake

Ujenzi wa vyombo pwani hii una umri mkubwa. Zamani Waswahili walijenga mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba ya kumbi la nazi bila msumari. Kwenye plasta ya kuta za kale za Kilwa kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu wa enzi hizo. Hadi leo fundi wengi hawana ramani ya karatasi. Kipimo kiko kichwani, jichoni na mkononi, pamoja na tezo, keekee na msumeno.

Kwa hiyo huwezi kumuomba fundi akuonyeshe michoro kisha umpime kwa hiyo. Unampima kwa vyombo alivyokwisha kujenga. Hapa watu wengi hukosea: wanakwenda kutazama chombo kilichomalizwa juzi. Chombo kipya chochote ni kizuri. Tafuta alichojenga miaka mitano au zaidi iliyopita, kisha zungumza na nahodha wake.

Muulize nahodha mambo ya kawaida ya kazi. Anafua maji mara ngapi kwa safari? Kalafati inarudiwa kila baada ya muda gani? Chombo kinaelemea upande mmoja? Kikibeba mzigo, kinapanda wimbi au kinalichimba? Fundi alipoitwa kurekebisha kasoro, alikuja?

Jibu la swali la mwisho lina thamani kubwa. Kila chombo kitapata kasoro. Fundi wa kushika ni yule anayerudi.

Angalia pia aina ya kazi aliyoizoea. Fundi hodari wa ngalawa si lazima awe hodari wa mashua ya mzigo. Chombo cha kuvua karibu na mwamba, cha kupeleka mzigo Songosongo na cha kuvusha abiria kutoka Masoko kwenda Kilwa Kisiwani vina kazi tofauti, na umbo lake ni tofauti. Mweleze fundi kazi ya chombo kabla ya kumwuliza bei.

Mbao au faiba?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wanunuzi wengi siku hizi, na jibu linategemea kazi, pesa na nani atakutengenezea chombo kikiharibika.

Chombo cha mbao kinaweza kujengwa na kutengenezwa hapa hapa pwani. Ubao mmoja ukioza, unatolewa na mwingine unawekwa. Lakini kinadai matunzo: kupandishwa juu, kukwanguliwa, kutiwa kalafati ya pamba na mafuta, na kupakwa dawa ya kuzuia wadudu wanaotoboa mbao majini. Ukikiacha mwaka mzima bila matunzo, kitakudai.

Boti ya faiba ni nyepesi, hainywi maji na haitobolewi na wadudu. Mashine ndogo inaisukuma kwa mafuta machache zaidi. Lakini ikipasuka kwenye mwamba inahitaji resini, nyuzi za faiba na mtu anayejua kuzitumia. Kabla ya kununua, uliza aliye karibu nawe anayeweza kuiziba ni nani. Kama jibu ni Dar es Salaam, tia nauli na siku za kukaa bila kazi kwenye hesabu.

Kwa chombo cha mbao, kagua haya:

Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi husinyaa baadaye na kuacha nyufa kati ya ubao na ubao. Mbao nyeupe ya nje ya gogo huoza mapema kuliko kiini, kwa hiyo isitumike kwenye sehemu zinazokaa majini. Mkuku na mataruma ndiyo uti wa mgongo na mbavu za chombo. Visiwe na ufa wala vifundo vikubwa. Misumari iwe imepakwa zinki, maana msumari wa kawaida huliwa na chumvi na kutoboa ubao unaouzunguka.

Ulizia pia mbao zimetoka wapi. Kilwa ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina: kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao wenyewe na kuuza magogo na mbao kihalali. Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza, mwaka 2009, kuingia kwenye cheti cha FSC, kinachotambua misitu inayovunwa kwa uangalifu. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani, na kazi yako ikasimama chombo kikiwa mataruma matupu.

Kwa boti ya faiba, pitisha mkono na macho ndani na nje. Usione mapovu, nyuzi zilizo wazi wala sehemu zinazobonyea. Gonga ubavu kwa sarafu. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa kama ya kitu kitupu, huenda matabaka hayakushikana. Tazama sana sehemu ya nyuma inayobeba mashine. Hapo ndipo nguvu yote inapokaa. Uliza kama ndani kuna vyumba vilivyofungwa au vilivyojazwa povu gumu, ili boti ikijaa maji iendelee kuelea na watu wapate pa kushika.

Na usinunue mashine kubwa kuliko boti. Mashine nzito huvuta nyuma chini na huweza kupasua sehemu iliyoibeba. Mwache mjenzi aseme mwenyewe boti yake inabeba nguvu farasi ngapi, na aiandike.

Bei ya chini inaficha nini?

Tuseme fundi wawili wamekupa bei, na mmoja yuko chini sana. Kabla ya kufurahi, mwulize amepunguza wapi. Chombo kina sehemu chache tu za kupunguza: unene wa mbao, idadi ya mataruma, aina ya misumari, matabaka ya faiba, au siku za kazi. Karibu zote zinagusa uhai wa watu.

Wakati mwingine bei ya chini ina sababu nzuri. Fundi anakaa kijiji hicho hicho, mbao anazo, au amejenga vyombo vingi vya umbo hilo na kazi anaijua. Sababu ya namna hiyo ataieleza bila shida. Asiye na sababu atakwambia tu, "Niamini, mzee wangu."

Fanya hesabu ya miaka mitano: bei ya kununulia, matengenezo ya kila mwaka, mafuta, na siku ambazo chombo kitakuwa juu ya mchanga badala ya kuwa kazini. Mara nyingi aliyekuwa ghali siku ya kwanza anakuwa nafuu mwaka wa tatu.

Andikishaneni, lipa kwa hatua

Pwani watu wengi hupeana kazi kwa neno la mdomo, hasa wakiwa ndugu au majirani. Kuandika hakumaanishi kwamba humwamini mwenzako. Kunawasaidia wote wawili kukumbuka mlichokubaliana, na kunawalinda warithi ikiwa mmoja atafariki kabla kazi haijaisha.

Karatasi moja inatosha. Iwe na majina, urefu, upana na kina cha chombo, aina ya mbao au faiba, nani ananunua vifaa, bei, tarehe ya kumaliza, na kasoro zipi fundi atazirekebisha bure na kwa muda gani. Wekeni saini mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji au mbele ya viongozi wa BMU yenu.

Kwa chombo cha mbao, malipo yanaweza kugawanywa hivi: sehemu ya kwanza ya kuanzia, ya pili mkuku na mataruma yakisimama, ya tatu mbao zikikamilika, ya nne baada ya kalafati, na ya mwisho baada ya kushua na kujaribu. Kila hatua kabla ya kulipa nenda ukaone kwa macho, au mpeleke nahodha unayemwamini. Mataruma yakishafunikwa na mbao na rangi, huyaoni tena.

Siku ya kushua, usiogope ukiona maji kidogo ndani ya chombo kipya cha mbao. Mbao hunywa maji, huvimba na kubana. Kiache kielee siku kadhaa. Maji yakiendelea kuingia kwa kasi ile ile, hapo kuna tatizo, na ile pesa uliyobakiza ndiyo itakayomrudisha fundi haraka.

Serikali inanunuaje kivuko?

Wakazi wa Lindi mjini wanaovuka kwenda Kitunda wanakijua kivuko cha MV Kitunda, kilicho chini ya TEMESA, wakala wa serikali unaosimamia vivuko. Serikali haiwezi kumchagua mjenzi kwa sababu ni jamaa wa fulani. Hutangaza zabuni, wajenzi huleta bei na uthibitisho wa uzoefu, na kamati hulinganisha. Tangu 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ndiyo inayoongoza.

Wajenzi wenyewe wanatoka karibu na mbali. Kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza imejenga vivuko kadhaa vya serikali, kikiwemo kile kilichopelekwa Ukara baada ya ajali ya MV Nyerere. Kwa meli kubwa ya MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200, kazi ilipewa kampuni za Korea Kusini zikishirikiana na SUMA JKT. Mjenzi wa ndani yuko karibu kwa matengenezo. Mjenzi wa nje huenda ana uzoefu wa meli kubwa zaidi. Mnunuzi anapima kipi anakihitaji zaidi.

Hata serikali huweza kupata kisicholingana na mkataba. MV Dar es Salaam ilinunuliwa kwa karibu shilingi bilioni 8 kutoka kampuni ya Denmark ili ifanye safari za Dar es Salaam na Bagamoyo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza katika ripoti yake kwamba ilipojaribiwa haikufikia kasi ya fundo 20 iliyoandikwa kwenye mkataba. Fundisho kwa mnunuzi mdogo ni hili: kasi iliandikwa, ndiyo maana mkaguzi aliweza kusema haikufikiwa. Kisichoandikwa hakikaguliwi.

Wenye bustani za michezo nao wana swali hili

Katika bustani kubwa za michezo duniani kuna mtambo uitwao rola kosta: mabehewa madogo yanayopandishwa juu ya reli kisha yakashuka kwa kasi, watu wakiwa wamefungwa kwenye viti. Jamaa zetu wanaofanya kazi Abu Dhabi huenda wameuona ule wa Ferrari World, uliofunguliwa 2010 ukiwa na kasi ya kilomita 240 kwa saa, wakati huo wa kasi kuliko yote duniani.

Mwenye bustani hajengi mtambo huo mwenyewe. Huagiza kwa kampuni chache, na kila moja ina sifa yake, kama fundi wa pwani. Intamin, iliyojenga ule wa Abu Dhabi, inajulikana kwa kasi na urefu unaovunja rekodi. Bolliger & Mabillard ya Uswisi, iliyoanzishwa 1988, inajulikana kwa mitambo laini isiyosimama ovyo. Vekoma ya Uholanzi imeuza umbo moja kwa bustani nyingi, jambo linalopunguza gharama. Familia ya Mack ya Ujerumani ilifungua bustani yake, Europa-Park, mwaka 1975, na wanunuzi wakaweza kwenda kupanda mitambo yake kabla ya kuagiza. Ni sawa na wewe kupanda mashua ya fundi kabla ya kumpa kazi.

Rekodi nayo ina gharama yake. Mtambo wa Kingda Ka huko New Jersey, Marekani, uliojengwa na Intamin na kufunguliwa 2005, ulikuwa na kimo cha mita 139, mrefu kuliko yote. Lakini ulisimama mara nyingi kwa hitilafu, na 2024 ulifungwa moja kwa moja. Mtambo uliosimama hauingizi pesa, kama mashua iliyolala mchangani msimu wa samaki.

Mjenzi mzuri peke yake hatoshi

Tarehe 2 Juni 2015, kwenye bustani ya Alton Towers, Uingereza, behewa lenye watu liligonga behewa tupu lililokuwa limesimama kwenye reli. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu. Uchunguzi haukukuta kosa kwenye mtambo. Ulikuwa umejisimamisha wenyewe kama ulivyoundwa, lakini wafanyakazi waliuruhusu uendelee bila kujua kuna behewa mbele. Mahakama iliitoza kampuni yenye bustani faini ya pauni milioni 5.

Kwetu, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki peke yao walizidi 200.

Kwa hiyo mwulize mjenzi uwezo wa chombo, uuandike ubavuni kwa rangi, na uuheshimu hata siku ya sikukuu ambapo kila mtu anataka kuvuka. Sajili chombo na kikaguliwe na TASAC. Kama ni cha uvuvi, mwone ofisa uvuvi wa halmashauri kwa leseni. Beba jaketi okozi kwa kila aliyemo, na usikilize utabiri wa hali ya hewa kabla ya kung'oa nanga.

Maswali ya kwenda nayo kwa fundi

Hifadhi maswali haya kwenye simu yako:

1. Chombo gani umejenga miaka mitano iliyopita, na nahodha wake yuko wapi?
2. Umewahi kujenga cha kazi kama yangu?
3. Mbao ni za mti gani, ni kavu, na zina karatasi? Au faiba ni ya matabaka mangapi?
4. Kitabeba watu wangapi au mzigo kiasi gani, na mashine ya nguvu farasi ngapi?
5. Kikijaa maji kitaelea?
6. Kikiharibika, nani atakitengeneza na vifaa vinapatikana wapi?
7. Utakubali nilipe kwa hatua na nibakize sehemu hadi kijaribiwe?
8. Uko tayari tuandikishane mbele ya mashahidi?

Fundi anayejua kazi yake hatachukia maswali haya. Atakuketisha, atakuonyesha mataruma ya chombo anachojenga, na huenda akakuuliza yeye mwenyewe maswali ambayo hukuyafikiria. Ukimpata wa namna hiyo, anzeni kuzungumza bei.